Chuo Kabla ya Shule: Faida na Kasoro za Kuwasomesha Watoto Nyumbani katika Upwa wa Waswahili

Katika Kiswahili cha kale, hasa katika lahaja za kaskazini na katika tungo za washairi wa Pate na Lamu, neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Baadaye likaja kuwa jina la mahali ambapo watoto hufundishwa kuisoma Kurani, na leo, kwa kuongezewa sifa ya ukubwa, ndilo jina la taasisi ambamo sisi wasomaji na waandishi wa jarida hili tunafanya kazi. Safari ya neno hili si jambo dogo. Yaonyesha ya kwamba kwa Waswahili wa zamani elimu haikuanza kwa jengo. Ilianza kwa kitabu, na kitabu kiliwekwa nyumbani. Mwanachuoni hakuwa mtu aliyepita katika jengo fulani akatoka na hati mkononi, bali mtu aliyekaa na vitabu, na mbele ya wenye vitabu, mpaka yeye naye akaaminiwa. Ama neno shule, ambalo wengi wanakubali kuwa asili yake ni Kijerumani, na neno skuli, ambalo asili yake ni Kiingereza na ambalo bado linatumika Unguja, hayo ni maneno yaliyokuja pamoja na jengo, kengele na daftari la mahudhurio.

Nimeona vyema kuanza na neno hili kwa sababu ya mjadala ambao umekuwa ukiendelea nchini kwetu kwa miaka kadhaa. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria masomo shuleni. Hata hivyo wako wazazi waliochagua kuwasomesha watoto wao wenyewe nyumbani, na suala hilo limefika hata mahakamani. Kisha, mwezi wa Machi 2020, shule zote zikafungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2021. Katika muda huo kila mzazi alikuwa mwalimu, apende asipende. Wanaounga mkono na wanaopinga husema kana kwamba kumsomesha mtoto nyumbani ni jambo geni lililotujia katika vitabu vya Marekani. Makala haya hayakusudii kuamua kesi hiyo. Yanakusudia kurudi katika upwa wetu wa karne ya 19, ambako watu walisomeshana nyumbani kwa muda mrefu kabla ya shule ya serikali au ya misheni, na kuuliza desturi hiyo iliwapa watu nini na iliwanyima nini.

Msomaji anaweza kupinga hapa na kusema kwamba watoto wa pwani walikwenda chuoni, na chuo ni shule. Pingamizi hilo lina uzito, lakini tukitazama jinsi chuo kilivyokuwa tutaona kwamba halitufikishi mbali. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha desturi za Waswahili, anaeleza namna mtoto alivyopelekwa kwa mwalimu. Mahali pa masomo palikuwa ni nyumbani kwa mwalimu, barazani au ukumbini, na mara nyingi mwalimu huyo alikuwa jirani au jamaa. Mtoto aliandikiwa herufi kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi. Akishazijua, ubao huoshwa, akaandikiwa nyingine. Alisoma hijai, akaingia katika sura fupi za juzuu ya Amma, akaendelea mpaka akahitimu, na siku ya kuhitimu ilikuwa siku ya karamu na ya kumlipa mwalimu haki yake. Kati ya masomo alitumwa maji, alitumwa kuni, aliwashika mikono watoto wadogo wa mwalimu. Kwa ufupi, mtoto alihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyumba nyingine. Hakutolewa katika maisha ya nyumbani.

Na watoto wa kike, hasa katika nyumba za wangwana wa Lamu, Pate na Siyu, wengi hawakuhamishwa kabisa. Walisomeshwa ndani ya nyumba zao, na baba, au shangazi, au mwalimu wa kike aliyeingia nyumbani. Hapo ndipo kuna historia ambayo wataalamu wa fasihi yetu wameitumia sana bila ya kuitazama kama historia ya elimu.

Tuchukue mwaka 1858. Katika mwaka huo, ambao ni 1275 kwa hesabu ya Hijra, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake mashuhuri kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa yapata miaka 17. Mama alikuwa mgonjwa, na inasemekana hakuishi zaidi ya miaka miwili baada ya hapo. Mwaka huohuo, katika nyumba za kifalme za Unguja, alikuwako msichana mwingine, Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Agosti 1844. Wasichana hawa wawili walikuwa mabinti wa maadui: katika miaka ya 1840 Seyyid Said alipeleka majeshi Siyu na majeshi hayo yakashindwa. Sidhani kwamba waliwahi kusikiana. Lakini wote wawili walisomeshwa nyumbani, na kwa njia mbili tofauti wote wawili wametuachia ushahidi wa jinsi masomo hayo yalivyokuwa.

Ushahidi wa Siyu umo ndani ya utendi wenyewe, mwanzoni kabisa, na nashangaa kwamba hautajwi mara kwa mara. Kabla ya kutoa wasia wake, mama anamwagiza binti achukue vifaa vya kuandikia. Wengi hulipita jambo hili kama desturi ya watunzi, na ni kweli kwamba tenzi nyingi huanza kwa kuitisha wino na karatasi. Lakini hapa anayeitishiwa wino ni msichana, na ndiye atakayeandika. Mtunzi haoni haja ya kueleza wala kuomba radhi. Siyu ulikuwa mji wa wanachuoni na wa wanakili, na misahafu iliyonakiliwa na kupambwa huko inajulikana na wataalamu wa sanaa ya Kiislamu hata leo. Katika mji kama huo kalamu ilikuwa chombo cha nyumbani kama vile mbuzi ya kukunia nazi, na msichana aliweza kukua akiijua.

Unguja mambo yalikuwa mengine. Salme anaeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, kwamba watoto wa Sultani walisomeshwa pamoja, wavulana na wasichana, na mwalimu wa kike. Wote walifundishwa kuisoma Kurani. Lakini wavulana tu ndio waliofundishwa kuandika. Salme hakuridhika. Alichukua msahafu na mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumiwa badala ya ubao, akajifunza kuziiga herufi mwenyewe kwa siri. Alipogunduliwa alilaumiwa sana. Hata hivyo mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kumwondoa Majid katika kiti, watu wale wale waliomlaumu ndio waliomhitaji, kwa kuwa alijua kuandika. Akiwa na umri wa miaka 15 akawa katibu wa njama ya kumpindua mfalme.

Tukilinganisha visa hivi viwili tunaona jambo ambalo mjadala wa leo haulioni. Watu huuliza kama elimu ya nyumbani ni nzuri au mbaya, kana kwamba ni kitu kimoja. Katika upwa huo huo, katika mwaka huo huo, katika dini moja na katika tabaka la watawala, nyumba moja ilimpa binti kalamu na nyumba nyingine ikamnyang'anya. Hapakuwa na sheria yoyote iliyoamua jambo hilo, wala mkaguzi, wala mtaala. Iliamua nyumba. Nguvu ya elimu hiyo ilikuwa ni yule mtu aliyemo nyumbani, na udhaifu wake ulikuwa ni mtu huyohuyo.

Tuitazame kwanza nguvu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Mwana Kupona na Salme wote waliandika kwa ajili ya watoto wao. Salme, ambaye mwaka 1866 alitoroka Unguja na kuolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alianza kuandika kumbukumbu zake ili watoto wake waliozaliwa Ujerumani wapate kujua mama yao alitoka wapi. Na Mwana Kupona alimwandikia Hashima, ingawa mwishoni anawaita wanawake wengine nao waje wasome. Maandishi mawili ya wanawake yaliyo mashuhuri kupita yote katika karne hiyo ya upwa wetu ni masomo ya nyumbani. Hata katika karne ya 20, Shaaban Robert, ambaye alisoma shule ya serikali akaajiriwa na serikali, alipotaka kuwapa watoto wake wasia hakuwaachia walimu kazi hiyo. Alimtungia binti yake utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Sijui kama shule zetu, pamoja na fedha zote tunazozitia humo, zimezalisha namna ya fasihi iliyodumu hivyo. Mwalimu wa watoto arubaini hawezi kuandika wasia, kwa sababu wasia huandikwa kwa mtoto ambaye jina lake, tabia yake na bahati yake ya baadaye vyamtia mwandishi wasiwasi usiku.

Salme mwenyewe aliipima elimu ya nyumbani kwa mizani ya shule za Ulaya, maana watoto wake walikwenda shule huko. Yafaa kukumbuka kwamba hakuvutiwa na kila alichokiona. Aliona watoto wengi wamesongamana katika chumba kimoja, akaona kwamba wanajazwa maarifa mengi huku malezi yao yakisahauliwa. Wako wanaosema kwamba hayo ni maneno ya binti mfalme aliyeikumbuka nyumba yake kwa uchungu wa ugenini. Huenda. Lakini ni maneno ya mtu aliyejifunza herufi juu ya mfupa kwa siri, na hakuwa na sababu ya kuipamba elimu iliyomnyima kalamu.

Kuhusu yaliyomo katika wasia wa Mwana Kupona, mabishano ni mengi. Mama anamfundisha binti kumcha Mungu, kuwaheshimu wazazi na kumtii mume, na jinsi ya kuitunza nyumba na nafsi yake. Wahakiki wengine wanauona kama mnyororo, na wengine wanadai kwamba mtunzi anacheka kichinichini. Siafikiani na wale wanaotaka kumwokoa Mwana Kupona kwa kudai kwamba hakumaanisha aliyoyasema. Mjane huyu mgonjwa, ambaye mji wake ulikuwa ukizungukwa na maadui, alimfundisha binti yake njia ya kuishi salama katika dunia aliyoijua. Na hapo ndipo tunapoanza kuuona mpaka wa elimu ya nyumbani. Nyumba humfundisha mtoto dunia ambayo nyumba inaijua. Hashima aliishi mpaka mwaka 1933. Katika maisha yake alishuhudia Siyu ikianguka, watumwa wakiachwa huru, Waingereza wakitawala na magari yakiingia Mombasa. Dunia hiyo haikuwamo katika wasia, wala haingeweza kuwamo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo ambayo wapenzi wa ustaarabu wetu wa kale hawapendi kuitaja. Elimu ya nyumbani ilikuwa ya wale waliokuwa na nyumba. Lamu ya karne ya 19 ilikuwa mji wa matabaka. Mngwana aliyekaa katika nyumba ya mawe, yenye daka, misana na ndani, aliweza kuwasomesha watoto wake wote pasipo mtu yeyote wa nje kujua. Lakini mtumwa aliyeipiga chokaa nyumba hiyo, na mjakazi aliyemchotea maji binti huyo wakati akiandika, hawakuwa na nyumba wala mwalimu. Hakuna aliyewafungia mlango wa shule, kwa kuwa hapakuwa na mlango wenyewe. Elimu iliyofichwa ndani ya nyumba haiwezi hata kudaiwa, kwa sababu anayenyimwa haoni alichonyimwa.

Aliyeuvunja mpaka huo Lamu hakuwa serikali. Alikuwa Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilil aliyekuja kutoka Ngazija, ambaye mwishoni mwa karne hiyo alianza kuwasomesha watumwa, watu waliotoka utumwani na wageni maskini ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao. Kutokana na kazi hiyo ndipo ulipojengwa msikiti wa Riyadha na masomo yake, na watu wakubwa wa mji walimpinga kwa muda mrefu. Utafiti wa Abdul Hamid el-Zein, uliochapishwa mwaka 1974, unaeleza kwa kirefu jinsi jambo hilo lilivyoutikisa mji. Inafaa tuzingatie ya kwamba Habib Saleh hakubadilisha vitabu. Kurani ilikuwa ile ile, na fikihi ile ile. Alichokibadilisha ni mahali. Aliitoa elimu katika nyumba za watu akaiweka mahali ambapo yeyote aliweza kuingia, na hilo peke yake lilitosha kuleta ugomvi.

Sasa nataka kuzungumza juu ya hati, maana hili ndilo jambo linalotuhusu zaidi sisi wa idara za lugha. Mtoto wa chuoni alifundishwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya Kiarabu. Hakuna mwalimu aliyemfundisha namna ya kuziandikia Kiswahili. Jambo hilo alijifunza nyumbani, kwa kuwatazama wakubwa wakiandika barua, hesabu za mashamba na tungo. Na kwa kuwa halikuwa na mwalimu halikuwa na kanuni. Kiarabu hakina herufi za sauti zetu zote. Katika miswada mingi ya zamani herufi ya ba husimama badala ya b, p na mb. Herufi ya fa husimama badala ya f, v na mv. Alama moja hutumika kwa e na i, na nyingine kwa o na u. Maneno fua, vua na mvua yaweza kuandikwa kwa namna moja bila ya tofauti yoyote. Wako waandishi waliobuni alama za kuzitenganisha sauti hizo, lakini kila nyumba ilikuwa na desturi yake.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili London nilipata nafasi ya kukaa na baadhi ya miswada iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS, ikiwamo ile iliyokusanywa na W. E. Taylor na William Hichens. Siku za kwanza nilidhani upungufu ulikuwa wangu. Baadaye nikatambua kwamba miswada hiyo haikuandikwa ili isomwe na mgeni. Iliandikwa ili imkumbushe mtu jambo ambalo amekwisha kulisikia. Taylor mwenyewe hangeweza kuzielewa tungo za Muyaka bila ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyezikusanya na kumfafanulia. Na utendi wa Mwana Kupona, ambao Alice Werner aliutoa kwanza mwaka 1917 na tena pamoja na Hichens mwaka 1934, ulidumu kwa miongo yote hiyo kwa sababu wanawake wa Lamu waliunakili na waliukariri. Karatasi peke yake haingetosha. Hati ya nyumbani husomwa na wa nyumbani. Maadamu nyumba imesimama, hilo ni faida: mtoto hasomi neno bila ya kulisikia katika kinywa cha mtu anayemjua. Nyumba ikivunjika, yanabaki makaratasi.

Na nyumba nyingi zilivunjwa, ingawa si kwa mabomu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Hati ya Kirumi ilikuwa imekwisha kuwa ndiyo hati ya shule, ya ofisi na ya vitabu. Sina nia ya kulaumu usanifishaji. Bila ya huo jarida hili lisingekuwako. Lakini kwa siku moja, kana kwamba ni kwa kugeuza ufunguo, watu waliokuwa wakisoma na kuandika wakaitwa wasiojua kusoma na kuandika. Elimu ya nyumbani haikuwa na cheti cha kujitetea.

Wako wazee wa dini waliouona mwendo huo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye naye alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wa kike na wa kiume, elimu ya dini na ya dunia, wasibaki nyuma. Yeye aliyekuwa tunda la nyumba ya wanachuoni ndiye aliyeona kwamba nyumba peke yake haitoshi tena. Unguja nako, serikali ilipofungua shule ya wasichana mwaka 1927, wazazi wengi walikuwa na hofu ile ile iliyomnyima Salme kalamu miaka 70 kabla: msichana akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Wakoloni waliicheka hofu hiyo katika ripoti zao, na walikosea kuicheka. Ilikuwa ni hofu ya watu waliojua hasa nguvu ya kalamu, tangu katibu wa miaka 15.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya nafsi yake ya kulifuata jambo hili. Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa Lamu na hakuingia shule hata siku moja. Alisomeshwa na shangazi yake ukumbini katika miaka ya 1940. Aliolewa Mombasa, na katika maisha yake yote aliandikiana na kaka yake aliyekuwa Unguja, kwa Kiswahili cha Kiamu na kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 2009 nilimsindikiza katika ofisi moja kutia sahihi karatasi za urithi. Karani, kijana wa umri wangu na mwenye adabu, alimtazama buibui lake, akasogeza kile kidau cha wino wa zambarau, akaniambia, "Mshike bibi kidole."

Bibi akanigeukia. "Mwanangu, mwambie nayua kuandika."

Nikamwambia. Karani akampa kalamu. Bibi akaandika jina lake na la baba yake na la babu yake, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko ambao mimi na shahada zangu siwezi kuufikia. Karani aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema kwa upole kwamba mfumo haukubali, na kwamba ni lazima atie kidole vilevile. Akatia. Chini ya jina lake katika faili hiyo imeandikwa, kwa hati ya Kirumi, kwamba hajui kusoma wala kuandika.

Wazazi wanaowafunza watoto wao nyumbani leo, Nairobi au penginepo, wengi hawana hofu hiyo, kwa kuwa wamejihami kwa mitihani ya nje na vyeti vyake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao na shangazi ya bibi yangu. Hata hivyo maswali yaliyowakabili watu wa Siyu, Unguja na Lamu hayajawaondokea. Ni nani katika nyumba hiyo anayeamua mtoto asifundishwe nini? Na mtoto wa yule anayefua nguo katika nyumba hiyohiyo anasomea wapi? Wabunge walipoipitisha sheria ya mwaka 2013 walikuwa wakilifikiria hasa swali la pili, na kwa hilo nawaunga mkono. La kwanza wameliacha, kwa kudhani kwamba shule hainyimi mtoto kitu. Mtoto wa Kiamu anayefika darasa la kwanza akiwa anasema nayua, akasahihishwa mpaka akaacha kusema, angeweza kuwajibu.

Bibi yangu alifariki mwaka 2014. Aliacha mkebe wa biskuti wenye barua za kaka yake na nakala za baadhi ya alizomwandikia yeye. Nimekwisha kuzihamisha nyingi katika hati ya Kirumi, kwa kuzisoma kwa sauti mbele ya mama yangu, ambaye hajui herufi lakini anajua maneno. Iko moja inayotushinda. Bibi anamshukuru kaka yake kwa kumletea kwa jahazi kitu ambacho ameandika kwa ba, ta na alama za a. Mama anasema ni mbata, kwa sababu mbata za Unguja zilisifiwa. Mjomba anashikilia kwamba ni bata, kwa sababu anakumbuka kuona bata uani alipokuwa mdogo.